Kipimo cha CT cha Aota na Mishipa Mikubwa ya Damu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyepewa fomu ya kipimo cha mishipa, na wa ndugu anayemsindikiza. Nafanya kazi hapa Kampala kwenye chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili vipande kwa vipande. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mlangoni na wanaozungumza Kiswahili: watu wa Arua na Koboko, wafanyabiashara wa Busia, askari, na ndugu zetu wa Kongo wanaokuja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Wengi hufika wameambiwa neno moja tu, "kapige CT". Lakini CT zina aina zake, na asiyejua hilo hupoteza pesa na, wakati mwingine, muda ambao mgonjwa hana.

Aota ni nini hasa?

Ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Unatoka moyoni, unapanda kidogo, unapinda juu ya kifua na kutoa matawi ya kichwa na mikono, kisha unashuka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, ambapo unagawanyika kuwa mishipa miwili ya miguu. Njiani unalisha uti wa mgongo, ini, utumbo na figo. Kwa mtu mzima, kipenyo chake tumboni ni kama sentimita 2, na karibu na moyo ni kama 3. Damu yote inayotoka moyoni kwenda mwilini hupitia hapo, kwa presha ileile unayopimiwa mkononi.

Nilishapigwa CT ya kifua wiki iliyopita. Kwa nini naambiwa nirudie?

Hili ndilo swali linaloumiza watu zaidi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

CT ya kawaida ya kifua au tumbo hupigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, au hupigwa dawa hiyo ikiwa imeshasambaa kwenye ini, figo na viungo vingine. Picha zake ni nzuri kwa kazi yake, lakini ndani ya aota damu huonekana kijivu, karibu sawa na ukuta wa mshipa wenyewe. Ukuta ukiwa umechanika kwa ndani, huenda tusiuone kabisa.

CT ya mishipa, ambayo madaktari huiita angiografia ya CT, hupigwa katika zile sekunde chache ambazo dawa yenye iodini iko ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, kabla haijapita. Dawa hiyo wengi tunaiita kontrasti. Kutoka mkononi, kupitia moyo na mapafu, hadi kufika kwenye aota, huchukua kama sekunde 20 hivi. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu huchukua zaidi. Ukiwahi, dawa bado haijafika. Ukichelewa, dawa imeshaenda. Hata CT ya mishipa ya mapafu, inayotafuta bonge la damu lililokwama kifuani, hupigwa mapema kuliko ya aota kwa sababu dawa hufika mapafuni kwanza.

Ndiyo maana fomu iliyoandikwa "CT ya kifua" tu haitoshi. Kabla hujaondoka kliniki, mwombe daktari aandike anachokitafuta. Fomu nzuri husema hivi: "Angiografia ya CT ya aota, kifua hadi nyonga. Maumivu ya ghafla mgongoni tangu jana, presha 210 kwa 120. Je, aota imechanika?" Kwa mistari hiyo miwili tunajua tuanzie wapi, tuishie wapi, dawa iingie kwa kasi gani, na kama tufuate mapigo ya moyo. Ukituletea fomu isiyo na swali, sisi chumbani tunabahatisha, na anayelipia kubahatisha kwetu ni wewe.

Kipimo kinatafuta magonjwa gani?

La kwanza ni kutanuka kwa mshipa, kunakoitwa aniurizimu. Ukuta unachoka, sehemu moja inavimba kama tyubu inayochungulia kwenye tairi ya boda iliyolika, na kadiri unavyotanuka ndivyo hatari ya kupasuka inavyoongezeka. Tumboni, aota ikifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa na aniurizimu. Kinachotisha ni kwamba mwenye nayo kwa kawaida hasikii chochote. Wengi hugunduliwa walipopimwa kitu kingine, kibofu au mawe ya figo.

La pili ni kuchanika kwa ukuta kwa ndani. Ukuta wa aota una tabaka tatu. Tabaka la ndani likichanika, damu hujipenyeza kati ya tabaka na kujitengenezea njia ya pili, njia isiyotakiwa. Njia hiyo inaweza kubana tawi la figo, la mguu au la ubongo, au kurudi nyuma hadi moyoni. Sababu kubwa ni presha ya juu isiyotibiwa, na hapa kwetu hilo si jambo la mbali: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Kuna pia magonjwa ambayo vitabu vya Ulaya huyaweka nyuma, lakini kwetu Afrika ni lazima yakumbukwe. Ugonjwa wa Takayasu huwashambulia zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Kuta za aota na matawi yake hunenepa na kuziba. Dada wa miaka 25 ambaye mapigo ya mkono mmoja hayapatikani, au presha ya mkono wa kulia ni mbali sana na ya kushoto, anahitaji picha hii. Watu wanaoishi na VVU wanaweza kupata aniurizimu wakiwa vijana, mara nyingi zaidi ya moja, shingoni au mapajani. Kifua kikuu na kaswende ya muda mrefu vinaweza kuharibu ukuta wa aota. Na kuna watoto wanaozaliwa aota ikiwa imebanwa mahali: presha ya mikono iko juu, mapigo ya miguu ni hafifu.

Halafu kuna ajali. Mtu akirushwa kutoka kwenye pikipiki au gari likisimama ghafla kwa kugonga, aota inaweza kupasuka pale inapomaliza kupinda na kuanza kushuka, hata kama ngozi ya kifua haina jeraha. Majeruhi wa ajali ya kasi kubwa mwenye maumivu ya kifua asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu hana damu inayotoka.

Ni maumivu gani ya kukimbilia hospitali?

Maumivu yanayoanza kwa ghafla, makali tangu dakika ya kwanza, kifuani au katikati ya mabega, na wakati mwingine yanahama kushuka mgongoni hadi tumboni. Wagonjwa huniambia walihisi kitu kinachanika. Ongeza hapo kuzirai, mguu kufa ganzi na kuwa wa baridi, kushindwa kuongea vizuri, au jasho jingi. Kwa mtu anayejulikana ana presha, hayo si vidonda vya tumbo mpaka ithibitishwe. Usinunue omeprazoli dukani ukasubiri kesho.

Aota ikichanika sehemu ya karibu na moyo, bila matibabu hatari ya kufa huongezeka kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kila saa mwanzoni. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji upasuaji wa dharura. Ikichanika sehemu inayoshuka tu, matibabu huanza kwa kushusha presha na mapigo ya moyo na kutuliza maumivu, na upasuaji au stenti, yaani bomba la wavu linalowekwa ndani ya mshipa, hufuata kama kuna kiungo kinachokosa damu au dalili ya kupasuka. Picha ya CT ndiyo inayotenganisha makundi haya mawili, ndiyo sababu ya haraka yote hiyo.

Jambo moja la kutilia mkazo: mgonjwa wa namna hii asije kwenye CT kwa teksi akiwa ameshikiliwa na ndugu wawili. Presha yake ianze kushushwa kule kule alipofikia, na asindikizwe na muuguzi.

Ultrasaundi haitoshi? Ni rahisi na ipo karibu.

Kwa aota ya tumbo, ultrasaundi ni kipimo kizuri sana cha kuanzia. Haina mionzi, haina sindano, na hupima kipenyo vizuri. Kama swali ni "je, imetanuka?", anza nayo. Kipimo cha moyo cha eko nacho huona mwanzo wa aota na vali yake. Lakini hewa ya mapafu na utumbo huzuia mawimbi ya sauti, kwa hiyo sehemu inayopinda na inayoshuka kifuani haionekani vizuri. Kupanga upasuaji au stenti, kujua mpasuko umeishia wapi, kuona kama figo ya kushoto inapata damu, hapo CT haina mbadala wa haraka. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, inaweza, ila huchukua muda mrefu, na mgonjwa mahututi hawezi kulala humo nusu saa.

Kinapatikana wapi Uganda?

Mashine za CT zipo Mulago na hospitali nyingine kubwa za Kampala, za serikali, za misheni na za binafsi, na miaka ya karibuni hospitali za rufaa za mikoa nazo zimeanza kupata zake. Lakini kuwepo kwa mashine ni nusu ya habari. Piga simu uulize mambo matatu: je, pampu ya kusukumia dawa inafanya kazi? Je, kontrasti ipo? Je, kuna daktari wa radiolojia wa kusoma picha siku hiyo hiyo? Jibu likiwa hapana kwa moja kati ya hayo, utasafiri bure. Matatizo ya aota yenyewe mara nyingi huishia Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo ndani ya eneo la Mulago, kwa hiyo anayetoka mbali aulize mapema kama rufaa yake imeandikwa.

Bei ikoje?

Inatofautiana sana kati ya kituo na kituo. Unapouliza, uliza kama bei hiyo ina kontrasti, kanyula (kibomba laini kinachoachwa kwenye mshipa wa mkono), kipimo cha figo cha kriatinini, ripoti na sidii ndani yake. Nimeona familia ikikopa mara ya pili ikiwa imeshafika kaunta kwa sababu waliambiwa bei ya kupiga picha tu.

Nijiandae vipi? Nifunge kula?

Vituo vingi huomba usile chakula kizito kwa saa chache kabla. Fuata maelekezo ya kituo chako. Maji kunywa. Mtu mwenye kiu ana figo zenye kazi ngumu zaidi na mishipa ya mkono iliyosinyaa, na sisi tutakuchoma mara tatu kutafuta njia.

Dawa za presha meza kama kawaida, kwa maji kidogo. Hili nalisisitiza kwa sababu kila wiki anakuja mtu aliyeacha vidonge vyake "kwa sababu ya kipimo", presha iko juu, na ni mgonjwa wa aota.

Vua mkufu, hereni, na sidiria yenye chuma. Akina mama wenye shanga za kiunoni waseme tu. Tutazisogeza au kuzivua kwa faragha, na mwenzetu wa kike atasaidia. Angalia pia sarafu na funguo zilizofungwa kwenye pindo la shuka. Chuma huchora mistari myeupe inayofunika mshipa kwenye picha.

Kama umefunga Ramadhani na hali yako si ya dharura, tuambie unapopanga siku. Tunaweza kukupa nafasi baada ya kufuturu au baada ya Idi. Kama ni dharura, njoo.

Dawa itaharibu figo zangu?

Kwa mtu mwenye figo nzima, hatari ni ndogo sana. Tunapima kriatinini kwenye damu na kukokotoa kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, au figo zimeharibika ghafla siku hizi, tunasimama kwanza na kuzungumza na daktari wako: tupunguze dozi, tukuongezee maji kwa dripu, au tutafute kipimo kingine. Lakini kama maisha yako hatarini leo, picha hupigwa. Aota iliyopasuka haisubiri majibu ya maabara.

Tuambie kweli kuhusu dawa unazotumia, hasa diklofenaki na nyingine za maumivu zinazonunuliwa bila cheti, na mitishamba. Hakuna atakayekukaripia. Baadhi yake hubana figo, na ukizichanganya na kiu na kontrasti siku moja, hapo ndipo shida huanza.

Wenye sukari wanaotumia metformini: usiiache mwenyewe. Kama figo zako ni nzuri, kwa kawaida unaendelea nayo. Kama ni dhaifu, tutakuambia uisimamishe, kisha figo zipimwe tena baada ya saa 48 kabla hujairudia.

Na anayesafishwa damu asikubali kuchomwa kwenye mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu. Asiogope kutukumbusha.

Nina mzio wa samaki. Nimeambiwa nisipewe iodini.

Hayo yamekaa vichwani kwa miaka mingi, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Mzio wa sangara, ngege au mukene hutokana na protini za samaki, si iodini. Iodini imo kwenye chumvi unayokula kila siku. Kinachotuhangaisha sisi ni kama uliwahi kupewa kontrasti yenyewe ukavimba uso, ukatoka vipele au ukashindwa kupumua. Hapo tunabadilisha aina ya dawa, au tunakupa dawa za kuzuia mzio kuanzia saa nyingi kabla, au tunaacha kabisa. Mwenye pumu isiyotulia na mwenye goita inayofanya kazi kupita kiasi nao waseme mapema.

Ndani ya chumba kunafanyika nini?

Utalala chali kwenye meza. Mashine ni pete fupi na pana, si handaki. Watu wengi wanaoogopa MRI hupita hapa bila shida. Mikono huinuliwa juu ya kichwa. Kama bega lako linauma, sema kabla hatujaanza, kwa sababu ukiushusha mkono katikati ya kipimo utaharibu picha.

Tunaweka kanyula nene kiasi kwenye kiwiko, kwa ndani. Mara nyingi utaona tunatafuta mkono wa kulia. Dawa ikiingia kushoto, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) inayokatiza mbele ya aota hujaa kontrasti nzito, na mng'ao wake hufunika matawi ya kichwa, yaani mahali ambapo tungependa kuona vizuri. Kanyula nyembamba ya mgongo wa kiganja uliyokuja nayo kutoka wodini haitoshi: pampu husukuma mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, na jumla huwa kati ya mililita 60 na 100, maji ya chumvi yakifuata nyuma kuisukuma.

Picha za kwanza hupigwa bila dawa. Usidhani tumesahau. Damu iliyoganda ndani ya ukuta wa aota huonekana kama mwezi mwandamo mweupe kabla ya kontrasti, na ikishamiminwa alama hiyo hupotea machoni.

Kisha nakwenda nyuma ya kioo. Kwenye skrini nachora duara dogo ndani ya aota, na mashine inaanza kupiga picha ya sehemu ile ile kila sekunde moja au mbili. Duara ni la kijivu. Inang'aa vena kubwa ya kifua, ukifuata mshipa wa mapafu, duara bado kijivu. Halafu linaanza kupauka, mstari wa grafu unapanda, na ukigusa kiwango tulichokiweka unasikia amri ya pumzi na meza inateleza. Kutoka shingoni hadi nyonga ni sekunde chache. Kazi yote ya dakika 20 ilikuwa ni kwa ajili ya hizo.

Kama tunachunguza sehemu ya karibu na moyo, tutakubandika nyaya tatu au nne kifuani ili picha zifuate mapigo. Moyo hutikisa mwanzo wa aota kila unapodunda, na mtikisiko huo kwenye picha unaweza kufanana kabisa na mpasuko. Kuna watu wamekaribia kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya kivuli.

Mashine inaongea Kiingereza. Nisipoelewa je?

Sema. Sauti iliyorekodiwa mara nyingi ni ya Kiingereza, na nimeona wazee wakivuta pumzi pale walipotakiwa kuibana. Tunaweza kuizima na kukuelekeza sisi wenyewe: "Vuta pumzi. Ibane. Pumua." Tutafanya mazoezi mara mbili kabla. Usipoelewa Kiswahili wala Kiganda, ndugu yako atufundishe maneno matatu ya Kilugbara au Kinyarwanda. Maneno matatu yanatosha kuokoa picha.

Usivute pumzi kubwa kupita kiasi. Ya kawaida, kisha ibane.

Nitahisi nini dawa ikiingia?

Joto linalopita mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na hisia kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Inakwisha ndani ya dakika moja. Unaloweza kulipuuza ni hilo joto. Usilopaswa kulinyamazia ni maumivu makali pale sindano ilipo, mkono kuvimba, mwasho, au koo kubana. Piga kelele, tunakusikia na tutasimamisha.

Dawa ikivuja chini ya ngozi, tunainua mkono, tunaweka kitu cha baridi na kukuangalia. Mara nyingi hupoa wenyewe. Ngozi ikibadilika rangi, vidole vikifa ganzi au maumivu yakizidi baadaye, rudi haraka.

Baada ya kipimo utakaa nasi kama nusu saa na kanyula bado ipo. Vipele vinaweza kujitokeza hata siku inayofuata; hivyo mara nyingi si vya hatari, ila tupigie.

Vipi kuhusu mionzi?

Duniani, mtu wa kawaida hupata mionzi ya wastani wa milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. CT ya aota nzima kwa kawaida huwa kati ya 5 na 20, kutegemea mashine, ukubwa wa mwili na ni mara ngapi tumepita. Si kidogo, na ndiyo sababu sipendi kurudia kipimo kilichofanywa ovyo. Lakini kwa mwenye dalili za aota, hatari ya kutojua ni kubwa kuliko hatari ya mionzi. Kwa vijana wanaohitaji kufuatiliwa miaka mingi, uliza kama MRI au ultrasaundi inaweza kuchukua zamu. Vituo vinavyotumia mionzi nchini husimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na una haki ya kuuliza kama mashine ina leseni.

Mionzi haibaki mwilini. Unaweza kumbeba mjukuu wako jioni hiyo hiyo.

Mjamzito? Anayenyonyesha?

Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, atuambie kabla. Tutaamua pamoja na daktari, na katika dharura kipimo kinaweza kufanyika. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Chini ya asilimia 1 ya dawa huingia kwenye maziwa, na chini ya asilimia 1 ya hiyo ndiyo inayofyonzwa na mtoto.

Ripoti inasema "milimita 43". Nifanye nini?

Kwanza usiogope namba bila kujua ni ya wapi. Milimita 43 tumboni ni aniurizimu ya kufuatiliwa. Karibu na moyo ni kutanuka kiasi. Kwa tumbo, miongozo ya kimataifa huwa hivi: sentimita 3 hadi 3.9, ultrasaundi kila miaka 3. 4 hadi 4.9, kila mwaka. 5 na kuendelea, kila miezi 3 hadi 6. Upasuaji huzungumzwa ikifika 5.5 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, au ikikua haraka, sentimita 1 kwa mwaka, au ikianza kuuma. Kwa aota inayopanda kutoka moyoni, kizingiti cha kawaida ni 5.5, na hushushwa kwa wenye ugonjwa wa kurithi kama Marfan.

Tofauti ya milimita 2 au 3 kati ya vipimo viwili huenda isiwe kukua. Mshipa unapinda, ukikatwa kwa mshazari huonekana mpana kuliko ulivyo. Kipenyo hupimwa mshipa ukiwa umenyooshwa kwenye picha kwa kufuata njia yake. Kama namba imeruka ghafla, mwombe daktari wa radiolojia aweke picha za zamani na mpya pamoja, apime zote mbili mwenyewe.

Utakuta pia neno "kalsiamu kwenye ukuta". Kwa mtu wa miaka 60 ni jambo la kawaida. Linakukumbusha sigara, presha, sukari na mafuta, lakini si dharura.

Wakati unasubiri kliniki, cha kufanya ni kidogo na ni kikubwa: presha ishuke na ibaki chini, sigara iachwe kabisa, na usibebe magunia au kusukuma gari lililokwama.

Nichukue filamu au sidii?

Sidii. Filamu ile kubwa nyeusi ni nzuri ya kuonyesha nyumbani, lakini daktari wa upasuaji hawezi kupima juu yake. Anahitaji picha zote nyembamba, za milimita 1 au chini, ili azungushe mshipa na kuchagua saizi ya stenti. Omba picha zote, si zile chache zilizochaguliwa, na ujaribu kuifungua kwenye kompyuta kabla hujapanda basi la kurudi Gulu.

Nina stenti, au vyuma mwilini. Ninaruhusiwa?

Ndiyo. Vyuma vya mfupa, vali za bandia, stenti na betri ya moyo havikatazi CT. Leta karatasi ya upasuaji. Kwa aliyewekewa stenti ya aota tunaongeza picha za kuchelewa, dakika moja au mbili baada ya dawa, kuangalia kama damu inavuja nje ya stenti na kuendelea kujaza aniurizimu.

Baba yetu alikufa ghafla kwa aota. Sisi watoto tupimwe?

Ndiyo, lakini msianze na CT. Kwa aniurizimu ya tumbo, ultrasaundi inatosha, hasa kwa wanaume waliopita miaka 50 na waliowahi kuvuta sigara. Kama tatizo lilikuwa kifuani, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wanashauriwa kufanyiwa eko ya moyo, na CT au MRI ifuate pale eko isipoona vizuri au ikiona kutanuka. Kama katika ukoo kuna watu warefu sana, wenye vidole virefu na viungo vilivyolegea na shida ya macho, litajeni hilo. Mwelezeni daktari marehemu alikuwa na umri gani na ni sehemu ipi ya aota iliyohusika. Kama kuna picha au ripoti yake ya zamani kabatini, ileteni pamoja na fomu.